Kusikia Njaa na Kusikia Shibe: Historia ya Ugunduzi wa Homoni ya Leptini

Msemaji wa Kiswahili husema bila kufikiri: "nasikia njaa". Lakini hasemi kamwe "nasikia shibe". Husema "nimeshiba", kana kwamba shibe ni jambo lililokwisha tumboni, lisilohitaji sikio. Katika makala haya tutaeleza jinsi mtaalamu wa biokemia, Douglas Coleman, na wale waliomfuata, walivyoonyesha ya kwamba shibe nayo husikiwa: mwili hupeleka ubongoni habari za akiba yake kwa njia ya damu, na pale habari hiyo inapokatika, kiumbe hunenepa huku kikiteswa na njaa. Historia hii ni ya maabara, lakini inatuhusu sisi watu wa lugha pia, kwa sababu jina tunalompa mtu mnene mara nyingi huwa hukumu kabla ya kuwa maelezo.

1. Panya wa Bar Harbor

Katika mji mdogo wa Bar Harbor, jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, kuna taasisi iitwayo Jackson Laboratory, iliyoanzishwa mwaka wa 1929 ili kuchunguza mambo ya urithi kwa kutumia panya. Mwezi wa Oktoba 1947 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya taasisi hiyo pamoja na panya wake. Kazi ilianzwa upya kwa panya waliorudishwa na maabara nyingine, ambazo zamani zilikuwa zimepokea panya kutoka huko huko.

Miaka miwili baada ya moto, yaani mwaka wa 1949, alionekana panya mnene kupita kiasi, na habari zake zilichapishwa mwaka wa 1950. Panya wa aina hiyo hula bila kukoma, na uzito wake huweza kufika mara tatu ya uzito wa panya wa kawaida. Tena unene wake ni wa kurithi, kwani unatokana na jeni moja tu iliyoharibika. Jeni hiyo ikaitwa ob. Mwaka wa 1965, katika taasisi ile ile, akaonekana panya mwingine mnene, ambaye zaidi ya unene alikuwa na kisukari kikali. Jeni yake ikaitwa db. Kwa macho, panya hawa wawili walikaribia kufanana: wote walikula mno, wote walinenepa mno. Ndipo swali likazuka: je, ugonjwa wao ni mmoja au ni miwili?

2. Miili miwili, damu moja

Coleman alizaliwa Kanada mwaka wa 1931. Alifika Bar Harbor mwaka wa 1958, baada ya masomo yake ya biokemia, naye akafanya kazi yake yote huko. Ili kujibu swali lile, alitumia upasuaji wa kuwaunganisha panya wawili ubavu kwa ubavu, hata damu ya mmoja ikapita polepole katika mwili wa mwingine. Ikiwa kuna kitu katika damu kinachoamrisha kula au kuacha kula, basi amri ya mmoja itamfikia mwenziwe.

Kwanza aliunganisha panya wa db na panya wa kawaida. Panya wa db aliendelea kula na kunenepa. Yule wa kawaida aliacha kula, akakonda, akafa kwa njaa ilhali chakula kilikuwa mbele yake. Kisha aliunganisha panya wa ob na wa kawaida. Safari hii hakufa mtu, ila yule wa ob alipunguza kula na unene wake haukuongezeka kama zamani. Mwishowe aliwaunganisha wale wanene wawili, ob na db. Panya wa ob akaacha kula, akafa kwa njaa. Wa db akaendelea kunenepa.

Kutokana na majaribio hayo, yaliyochapishwa kati ya mwaka wa 1969 na 1973, Coleman alitoa maelezo mepesi. Kuna kitu katika damu kinachotangaza kwamba akiba ya mwili inatosha. Panya wa ob hana kitu hicho, lakini akikipata kutoka kwa mwingine anakitii. Panya wa db anacho tele, lakini hakisikii. Kwa maneno mengine, mmoja ni bubu na mwingine ni kiziwi. Yule wa kawaida, mwenye masikio mazima, alielemewa na kelele za mwenziwe akaamini ya kuwa ameshiba hadi kufa.

Maelezo hayo hayakupokelewa upesi. Coleman hakuweza kukitenga kitu chenyewe, na wataalamu wengi waliendelea kushika imani ya zamani kwamba unene ni tabia tu: anayenenepa ni kwa sababu hajizuii.

3. Miaka minane ya kutafuta

Kitu kile kilibaki bila jina kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka wa 1986, katika Chuo Kikuu cha Rockefeller mjini New York, daktari Jeffrey Friedman, aliyezaliwa mwaka wa 1954, alianza kuitafuta jeni ya ob, akishirikiana na Rudolph Leibel na wengine. Siku zile ramani kamili ya jeni za panya haikuwapo. Ilibidi kuzalisha panya kwa mamia, kulinganisha urithi wao kizazi kwa kizazi, na kuipunguza sehemu ya kromosomu ya 6 hatua kwa hatua, mithili ya mtu atafutaye nyumba moja katika mji usio na majina ya barabara. Jeni ilipatikana mwezi wa Mei 1994, na habari zake zikachapishwa katika jarida la Nature tarehe 1 Desemba mwaka huo.

Jambo la kushangaza lilikuwa mahali jeni hiyo inapofanya kazi, maana ni ndani ya chembe za mafuta zenyewe. Hadi hapo mafuta ya mwili yalihesabiwa kama ghala lisilosema kitu. Sasa ilionekana ya kwamba ghala lina mlinzi anayepeleka hesabu ubongoni kila siku. Akiba ikiongezeka, homoni huongezeka na hamu ya chakula hupungua. Akiba ikipungua, homoni hupungua na njaa huja. Homoni hiyo ikaitwa leptini, kutokana na neno la Kigiriki leptos, maana yake "embamba". Mwaka wa 1995 panya wa ob walidungwa leptini, wakapunguza kula na wakakonda. Mwishoni mwa mwaka huo huo kipokezi cha leptini kilipatikana, na mwaka uliofuata ikathibitishwa kwamba hicho ndicho kilichoharibika katika panya wa db. Coleman alikuwa amesema kweli kuhusu wote wawili.

4. Matumaini na mipaka yake

Matumaini yalikuwa makubwa, na fedha pia: mwaka wa 1995 kampuni ya Amgen ililipa dola milioni 20 ili kupata haki ya kuitumia leptini. Lakini mwaka wa 1996 ilijulikana ya kwamba watu wengi wanene hawakosi leptini. Wanayo nyingi kuliko wembamba. Wengi wao hukaribia panya wa db kuliko panya wa ob, ingawa kipokezi chao kwa kawaida ni kizima: sauti ipo, lakini ubongo hausikii sawasawa. Kuwaongezea leptini hakukuwasaidia sana.

Hata hivyo walikuwapo watu wachache ambao dawa hiyo iliwafaa kabisa. Mwaka wa 1997 wataalamu wa Cambridge, Uingereza, waliwaeleza watoto wawili wa ukoo mmoja waliozaliwa bila leptini. Msichana wa miaka 8 alikuwa na kilo 86; mvulana wa miaka 2 alikuwa na kilo 29. Watoto hao walidai chakula wakati wote, kwa maana ubongo wao ulikuwa ukisikia ukame usiokwisha. Mwaka wa 1999 ilitangazwa ya kwamba msichana yule, baada ya kutibiwa kwa leptini muda wa miezi 12, alipungua kilo 16.4. Hakupewa adabu mpya wala mawaidha mapya. Alirudishiwa habari iliyokosekana katika damu yake.

Coleman na Friedman walipewa tuzo ya Lasker mwaka wa 2010, na Coleman alifariki mwaka wa 2014. Mwaka huo huo leptini iliidhinishwa Marekani kwa wagonjwa wa aina nyingine, wale wasio na mafuta mwilini ambao kwa sababu hiyo hupatwa na kisukari. Dawa mpya za unene, kama semaglutide iliyoidhinishwa huko mwaka wa 2021 kwa kazi hiyo, hufuata njia ya homoni nyingine itokayo utumboni. Lakini nazo zinasimama juu ya wazo lile lile, kwamba hamu ya chakula huongozwa na ujumbe.

5. Neno la mwisho

Tusiseme kwamba chakula, kazi na hali ya maisha havina uzito; vina uzito mkubwa, na watu wasio na jeni mbovu pia hunenepa. Tunachojifunza ni kutofautisha. Kiswahili kinajua kutofautisha: mnyama hunona, mtu hunenepa au huwanda. Ila tunapofika kwenye sababu, maneno yetu huwa machache, nayo ni ya lawama: mlafi, mroho, mvivu. Wahenga walisema: mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Panya wa ob anatufundisha ya kwamba wawili hao waweza kukaa katika mwili mmoja, kwa nje mwenye shibe, kwa ndani mwenye njaa. Anayemtazama kwa nje tu hajamjua bado, na afadhali aulize kabla ya kumpa jina.