Msandarusi na Mashimo ya Wamakonde

Katika maandishi ya historia ya biashara ya Unguja kuna sifa moja inayorudiwa bila kuhojiwa: kwamba John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyefika Unguja mwaka 1866 na baadaye kuwa balozi wa Uingereza, ndiye aliyetegua kitendawili cha sandarusi. Kabla yake, tunaambiwa, hakuna aliyekuwa na hakika kwamba utomvu ule mgumu uliochimbwa ardhini ulitokana na mti uleule unaoota pwani hadi leo. Ushahidi wa Kirk ulikuwa mzuri. Ndani ya vipande vya sandarusi ya kuchimbwa alikuta majani na maua ya msandarusi. Lakini kusema hakuna aliyejua ni kuvuka mpaka, na bara ya Sudi, katika pwani ya kusini ya Tanzania, ina la kujibu.

Jibu lenyewe limo katika shajara za mwisho za David Livingstone, zilizochapishwa mwaka 1874, kitabu ambacho wengi hukifungua kutafuta habari za kifo chake, wala si habari za miti. Livingstone alishuka Mikindani, jirani ya Sudi kwa kusini, Machi 1866, akapita nchi ya Wamakonde kuelekea Ruvuma. Njiani alikuta mashimo ya sandarusi. Wenyeji walichimba karibu na misandarusi iliyo hai, kwa kuamini kwamba miti ya kale iliyodondosha utomvu ule ilisimama papo hapo. Walimweleza pia kwamba siku moja mtu huambulia patupu, na ya pili yake Mungu akamjalia. Hoja ya Kirk imo humo nzima, isipokuwa maua, na maandiko yake kuhusu sandarusi yalitoka baada ya safari hiyo. Hata madaraja matatu aliyoyaeleza, yaani sandarusi ya mtini, chakazi ambayo haijakomaa, na sandarusi yenyewe ya chini, yalikuwa madaraja ya soko kabla hajayaandika. Simwiti mwizi. Alileta uthibitisho ambao wachimbaji hawakuwa na haja nao, kwani wao waliithibitisha hoja yao kila walipopata mzigo wa kuuza.

Richard Burton, aliyefika Kilwa mwaka 1859, namvumilia kwa shida zaidi. Ametuachia picha nzuri ya kazi: mchimbaji anatoboa kwa kijiti kilichochongoka kishimo cha upana wa inchi sita hivi, kisha anakomba udongo kwa kiganja mpaka mkono ukome. Baada ya picha hiyo analaumu kazi isiyo na bidii wala mpango. Mkulima aliyechimba kati ya msimu na msimu, kwa mali isiyojulikana ilipolala, angefukua handaki kwa faida ya nani? Thaddeus Sunseri, katika utafiti wake wa mwaka 2007 juu ya biashara hii, amewasoma watu wa bara ya pwani kwa heshima zaidi.

Sandarusi ilipitia Unguja, na sehemu kubwa ikaenda Salem, Massachusetts, kuoshwa na kutengenezewa vanishi. Ikishatoka maganda, sandarusi ya kweli huonyesha vipele kama ngozi ya bata aliyenyonyolewa, na kwa vipele hivyo wanunuzi waliitofautisha na chakazi. Zama za Wajerumani na Waingereza nazipita: mpira ulikuwa umeshaanza kuifunika sandarusi, na vanishi za viwandani zikaimaliza.

Wataalamu wa uainishaji nao walizunguka sana. Msandarusi ni wa jamii ya mikunde. Gaertner, mtu wa matunda na mbegu, aliuita Hymenaea verrucosa mwaka 1791 kwa kutazama ganda lake lenye chunjua. Mwaka 1827 Hayne akaunda jenasi nyingine, Trachylobium, na kitabu kikuu cha mimea ya Afrika Mashariki kilikuwa bado kinaitumia mwaka 1967. Jean Langenheim na Lee waliurudisha kwenye Hymenaea mwaka 1974, yaani miaka 183 baada ya Gaertner. Ndugu zake wengine wote walio hai wako Amerika ya kitropiki, na hapo mtu huweza kudhani kwamba mti wetu ni mgeni. Lakini mwaka 1991 George Poinar alieleza Hymenaea protera, mti uliotoweka uliotoa kaharabu ya Jamhuri ya Dominika, na maua yake yalishabihiana na ya msandarusi kuliko ya miti inayosimama Amerika sasa. Langenheim mwenyewe aliona chimbuko la jenasi ni Afrika, na maganda kuvushwa na bahari kwenda magharibi. Nami nakubaliana naye.

Makao ya asili ya msandarusi huandikwa kuwa pwani ya Kenya hadi Msumbiji, pamoja na visiwa na Madagaska. Orodha hiyo imejengwa juu ya matawi yaliyokatwa mitini na kukaushwa katika makavazi ya mimea. Burton na Kirk wote wawili waliandika kwamba sandarusi bora ilichimbwa hata mahali ambapo hapakuwa na msandarusi uliosimama. Kila shimo la namna hiyo, kati ya Kilwa na Ruvuma, ni alama ya mahali mti ulipokuwa ukiota zamani, na katika ramani za mimea mashimo hayo hayamo.