Oto kwenye milima ya Kasulu? Historia inasema inawezekana

Wadau, rafiki yangu wa Kasulu ana Toyota Mark II Tourer V ya zamani, turbo, gia otomatiki. Anataka kubadili toki konveta, lile duara la mafuta linalokaa kati ya injini na gia boksi. Vijiweni wanamcheka: eti barabara ya Kibondo ni ya gia za mkono tu.

Mimi nabisha. Kifaa hicho Mjerumani Hermann Föttinger alikibuni mwaka 1905 kwa ajili ya meli. Mwaka 1979, Mercedes-Benz 450 SLC 5.0 za otomatiki ziliingia Safari Rally kule Kenya. Hannu Mikkola akawa wa pili, nyuma ya Shekhar Mehta na Datsun 160J yake. Mwaka huohuo Mercedes wakazoa nafasi nne za kwanza kwenye Bandama, Ivory Coast.

Siri ni kulinganisha konveta na injini. V8 ile ya lita 5 ilivuta tangu mizunguko ya chini. Turbo ya lita 2.5 huchelewa kuamka, hivyo inataka konveta inayoiacha injini izunguke zaidi kabla gari halijavuta. Ukizidisha, kwenye mlima mrefu konveta inateleza, mafuta yanachemka na gia boksi inakufa.

Ushauri wangu: achague inayozidi ya kiwandani kidogo tu, pesa inayobaki anunue kipoza mafuta. Konveta ya mbio za lami haijui mlima wa tope wenye abiria watano.

Nawasilisha.