Chaza huchuja maji, sumu humbakia mwilini

Chaza ni mnyama wa majini mwenye mwili laini ndani ya gamba la vipande viwili. Katika pwani ya Tanzania hushikamana na miamba na mizizi ya mikoko. Jamaa zake wa maji baridi huishi katika matope ya Ziwa Victoria. Wote hujilisha kwa kuchuja maji, na hivyo huyasafisha, lakini sumu iliyomo huwabakia mwilini. Huko Minamata, Japani, ugonjwa uliotambuliwa mwaka 1956 ulitokana na kula samaki na wanyama wa jamii hiyo wenye zebaki iliyomwagwa na kiwanda. Mkoani Geita, wachimbaji wadogo hutumia zebaki kunasia dhahabu, nayo mvua huweza kuifikisha ziwani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020 ili kupunguza matumizi hayo.