Judah Leib Gordon

Judah Leib Gordon (1830–1892) alikuwa mshairi wa Kiyahudi aliyeandika kwa Kiebrania. Alizaliwa Vilnius, wakati huo chini ya Dola la Urusi, akafundisha miaka mingi katika shule za serikali za Wayahudi huko Lithuania. Mwaka 1872 alihamia Saint Petersburg. Mwaka 1879 alikamatwa na kupelekwa uhamishoni kwa muda, kisha akawa mhariri wa gazeti la Ha-Melitz.

Utenzi wake wenye uzito zaidi ni Kotso shel Yod. Mhusika wake Bat-Shua, aliyetelekezwa na mumewe, anapata talaka, lakini rabi anaibatilisha kwa kukosekana kwa herufi moja tu, yod, ndogo kuliko zote. Mume anapotea baharini, naye Bat-Shua, bila talaka halali, hawezi kuolewa tena. Utenzi huu ni utetezi mkali na wa haki wa wanawake wa Kiyahudi.