Saratani na Dhuria: Taarikhi ya Mazungumzo Yaliyochelewa

Mtafiti Christopher Polge na wenzake wa London, waliokuwa wakitaabika kugandisha manii ya jogoo bila kuyaua, siku moja waliyatia maji ya chupa waliyoidhania kuwa ina sukari ya matunda, na manii yalipoyeyushwa yakaonekana yangali hai; chupa ilipopimwa, ikabainika kwamba kilichokuwamo ni glisarini, kwani vibandiko vilikuwa vimechanganyika. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1949, na kufikia 1953 watafiti Bunge na Sherman wa Iowa, Marekani, wakaarifu juu ya mimba za binadamu zilizotokana na manii yaliyogandishwa.

Basi njia ya kuhifadhi mbegu ilikuwapo. Lakini katika miaka ya 1960, matabibu wa Bethesda walipochanganya dawa nne na kuwaponya wagonjwa wengi wa saratani ya Hodgkin, maradhi ambayo yakishaenea mwilini aghalabu yalikuwa ni mauti, vijana walirejea makwao wazima, wakaoa, wakangoja, na wengi wao hawakupata mtoto, kwa kuwa dawa zilezile zilizoua saratani ziliua na mbegu. Najua kwamba tabibu anayepigania roho ya mtu hana wasaa mwingi, na haya nayo ina nguvu zake. Hata hivyo, tabibu kulinyamazia jambo hili kwa kudhani kuwa mgonjwa hana haja tena ya dhuria ni kumkatia shauri lake bila yeye kuwapo.

Kwa wanawake ilikuwa vigumu zaidi, maana yai limejaa maji, na maji yakiganda hufanya chembe kali za barafu zinazolichana kwa ndani. Mwaka 1997, huko Brussels, tabibu Jacques Donnez alimkata msichana mwenye Hodgkin vipande vyembamba vya ovari, mnamokaa mayai, kabla ya kutiwa dawa, akavigandisha. Mwaka 2003 akamrudishia, na Septemba 2004 mgonjwa huyo akajifungua mtoto wa kike.

Ndipo mwaka 2006 chama cha matabibu wa saratani cha Marekani kikaagiza kwamba suala la dhuria lizungumzwe na mgonjwa mapema iwezekanavyo. Neno “mapema” lina hesabu yake: mwanamume huweka akiba ya manii ndani ya siku moja, bali mwanamke anayetaka kuvunwa mayai huhitaji kama wiki mbili za sindano, na wiki hizo hupatikana tu kabla ya dawa ya kwanza kuingia mshipani.