Mumiani na Damu ya Jirani



Wazee wa Kariakoo walikuwa na jina moja la kuwatishia watoto wasizurure usiku: mumiani. Iliaminika kwamba mumiani ni mtu anayewavizia wapita njia, akawatoa damu, na damu hiyo ikafanywa dawa ya kuuzwa.

Neno hili asili yake ni Kiajemi, nalo lilitaja lami nyeusi ya miambani iliyotumiwa kama dawa. Lilifika pwani yetu kwa njia ya biashara. Na kamusi ya mmisionari Krapf, iliyochapishwa mwaka 1882, tayari yataja imani ya wenyeji kwamba Wazungu huitengeneza dawa hiyo kwa damu ya binadamu. Wala Ulaya isitucheke. Katika karne ya 16 na ya 17 wauza dawa wa huko waliuza unga wa maiti za kale za Misri, na wagonjwa wakaumeza wakitumaini kupona.

Enzi ya ukoloni uvumi huo ulienea mijini. Nairobi na Kampala lawama iliwaangukia wazimamoto. Tusiwadharau waliouamini. Jina la Kariakoo lenyewe latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu, na wengi hata kaburi lao halikujulikana. Watu waliokwisha kuona nguvu za ndugu zao zikitumiwa hivyo, wangeshindwaje kuamini kwamba hata damu yao inatafutwa?

Basi, jeraha lilikuwa la kweli. Lakini aliyelipia alikuwa nani? Mwaka 1959, hapa hapa Dar es Salaam, uvumi wa mumiani ulizusha ghasia huko Buguruni, na askari polisi mmoja akauawa na umati. Damu ya kweli ilimwagika kwa ajili ya damu ya kudhaniwa.

Sisi Wakristo tulipaswa kulijua jambo hili kabla ya wengine. Katika karne ya 2 wapagani wa Dola la Roma walinong'ona kwamba Wakristo huua watoto na kunywa damu yao. Tertuliano wa Karthago, Mwafrika wa Kaskazini, aliandika utetezi wake mnamo mwaka 197 kuupinga uongo huo. Hata hivyo, Wakristo waliofuata walisahau. Huko Trento, mwaka 1475, Wayahudi waliteswa na kuuawa kwa shtaka lile lile la damu ya mtoto. Kanisa liliifuta ibada iliyotokana na kisa hicho mwaka 1965, karibu miaka 500 baadaye. Uongo hukimbia, toba hutambaa.

Wapendwa, mumiani hatajwi sana siku hizi, ila desturi ya kumtafuta ingalipo. Sauti moja sokoni ikipaza "Mwizi!", mawe huokotwa kabla ya swali kuulizwa. Bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni huitwa mchawi. Na wapo wanaoogopa kutoa damu hospitalini, wakihofu kwamba itauzwa, huku mama aliyejifungua akihitaji chupa moja tu apate kuishi.

Amri ya nane hutukataza kumshuhudia jirani uongo. Anayepokea uvumi na kuupitisha kwa mwingine ameshatoa ushahidi, hata kama hakurusha jiwe. Katekista anaposikia neno kama hilo jumuiyani, aulize maswali matatu: Nani aliona? Aliona nini? Na mtuhumiwa mwenyewe anasemaje?

Bwana wetu hakuchukua damu ya mtu. Aliitoa yake, naye alihukumiwa kwa makelele ya umati. Tunaoikaribia meza yake Jumapili hii tusiwe sehemu ya umati huo siku ya Jumatatu.

Amina.