Trekta la Mabaki

Historia ya kilimo katika nchi yetu aghalabu huandikwa kwa majina ya mazao, ya sheria na ya watawala. Ni nadra kuandikwa kwa habari za vyuma. Walakini mkulima aliujua uzito wa jembe kabla ya kuijua sheria yo yote, na aliyemfulia jembe lile alikuwa karibu naye kuliko mtawala ye yote. Katika insha hii nataka kufuata habari ya chuma kinachoacha kazi moja na kushika nyingine, yaani trekta dogo la bustani lililoundwa kwa mabaki ya magari na mashine. Nauliza jambo moja tu: kwa nini chombo cha mabaki huwafaa watu mahali pamoja, na mahali pengine huwa hasara isiyosahaulika?

Itaka imo katika Wilaya ya Mbozi, katika Mkoa wa Songwe ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kuugawanya Mkoa wa Mbeya. Mbozi ni nchi ya mahindi, maharage na kahawa, na ng'ombe wa kukokota plau wamezoeleka huko tangu zamani. Huko Itaka nilimkuta fundi mmoja aliyejiundia trekta lake. Injini yake ilikuwa ya dizeli, ya pistoni moja, ambayo maisha yake ya kwanza ilizungusha mashine ya kusaga. Giaboksi zilikuwa mbili, zote za magari madogo yaliyokufa. Difu na ekseli zilitoka katika gari la mizigo midogo. Fremu ilichomelewa kwa vyuma vya pembe, na kiti kilikuwa ubao uliofungwa juu ya springi. Macho ya mgeni yangeona fujo, lakini kila kiungo kilikuwa na sababu ya kuwapo.

Nilimwuliza sababu ya giaboksi mbili, nikapata somo la hesabu. Injini ya namna ile huzunguka mara 2,200 hivi kwa dakika. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 60 husafiri karibu mita 1.9 kwa kila mzunguko. Ili trekta liende mwendo wa mtu atembeaye, yaani kilomita 4 hivi kwa saa, gurudumu halina budi kuzunguka mara 35 tu kwa dakika. Basi mwendo wa injini lazima upunguzwe mara 63. Gia ya kwanza ya gari dogo hupunguza mara tatu na nusu, na difu hupunguza mara nne. Zikiungana hupata 14, nazo hazitoshi. Giaboksi ya pili ikitiwa nyuma ya ile ya kwanza, hesabu hufika 49. Puli ndogo kwenye injini na puli kubwa kidogo kwenye giaboksi humaliza kilichobaki. Na kwa kadiri mwendo unavyopungua, ndivyo nguvu ya kuzungusha inavyoongezeka, isipokuwa ile inayoliwa na msuguano.

Hapo ndipo ilipo hatari. Ekseli ya gari dogo haikukusudiwa kubeba nguvu iliyozidishwa namna hiyo. Plau ikikwama katika kisiki, injini huendelea kusukuma, na kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kinachokatika. Nilipoushika mkanda uliotoka kwenye injini niliona umelegea, nikadhani ni uzembe. Fundi akanionya: "Mwalimu, mkanda huo usiukaze. Ukiukaza, utavunja ekseli." Aliuacha umelegea kwa makusudi, ili plau ikikwama mkanda uteleze, nguvu ipotee hapo, na chuma kipone. Mkanda mpya ni wa bei nafuu, nayo ekseli hutafutwa kwa majuma. Namwomba msomaji auweke mkanda huo moyoni, kwa kuwa nitaurudia.

Ujuzi huu si wa Mbozi peke yake. Mapema katika karne ya 20, wakulima wa Marekani waliuziwa vifaa vya kuligeuza gari la Ford Model T kuwa trekta. Katika Vita Kuu ya Pili, matrekta yalipoadimika, watu wa Swideni walikata magari makuukuu wakaunda trekta walilolipa jina la EPA, nalo ni jina la duka lililojulikana kwa vitu vya bei ndogo. Huko nako mafundi wengi waliunganisha giaboksi mbili kwa sababu ileile ya hesabu. Fundi wa Itaka hakusoma habari za Swideni. Haja iliyo sawa na chuma kilicho sawa viliwafikisha watu wasiojuana katika jibu moja.

Lakini Mbozi ina historia yake ya chuma, tena iliyo kongwe. Katika kijiji cha Ndolezi kiko Kimondo cha Mbozi, pande la chuma na nikeli lenye uzito wa tani nyingi, ambalo wataalamu wa kigeni walilitia katika maandishi yao mwaka 1930. Chuma kile kilichotoka mbinguni kimebaki kuwa ajabu ya kutazamwa. Chuma kilicholisha watu ni kile kilichoyeyushwa na Wanyiha wenyewe kutoka katika udongo wao. Kama majirani zao wa Ufipa, walijenga matanuru marefu ya udongo yaliyovuta upepo yenyewe kwa matundu ya chini, bila kuvukutwa. Chuma kibichi kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuru dogo lenye mivukuto, ndipo mhunzi alipofua majembe na shoka. Kazi hiyo ilikuwa na utaalamu, tena ilikuwa na siri, miiko na dawa, na si kila mtu aliyeruhusiwa kukaribia.

Katika miongo ya kwanza ya karne ya 20 jembe la dukani lilienea, na matanuru yakazimika moja baada ya jingine. Mhunzi hakufa siku ile. Aliacha kuyeyusha mawe, akaanza kufua mabaki: springi za magari, vyuma vya mapipa, majembe yaliyokwisha makali. Lakini elimu ya tanuru ilikuwa katika vichwa vya wazee wachache, na wanafunzi wao walikuwa wamekwisha ona kwamba haina soko. Katika miaka ya 1960, wataalamu walipotaka kuiandika kazi hiyo, iliwabidi kuwategemea wazee walioikumbuka tangu ujana wao. Chuma cha Unyiha kiko ardhini hata leo. Kilichopotea ni mkono uliojua kukitoa.

Sasa na tutazame trekta jingine la mabaki, kubwa kuliko lile la Itaka. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, ikaamua kulima karanga katika Tanganyika. Mpango uliotangazwa ulitaka ekari zaidi ya milioni tatu, kwa gharama iliyokisiwa kuwa pauni milioni 25, na kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947. Kwa kuwa matrekta mapya hayakupatikana, yalinunuliwa makuukuu yaliyoachwa na majeshi, mengine kutoka mbali kama Ufilipino. Kiwanda cha Vickers-Armstrongs nacho kilichukua viungo vya vifaru vya Sherman kikavigeuza matrekta yaliyoitwa Shervick. Chombo kilichoundwa kwa ajili ya vita kilitumwa kung'oa miti ya Ugogo.

Wazo lenyewe halikuwa la kuchekwa. Kugeuza kifaru kuwa trekta si tofauti na kugeuza injini ya kusaga kuwa trekta, isipokuwa kwa ukubwa. Lakini waliogeuza walikuwa Uingereza, na udongo ulikuwa Kongwa. Udongo ule una mchanga mkali ulao chuma, na wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu kama saruji. Matrekta mengi yaliyonunuliwa yaliharibika kabla ya mwaka wa kwanza kwisha. Vipuri vilikuwa mbali, mafundi walikuwa wachache, na waendeshaji walifunzwa kwa haraka. Mnamo Januari 1951 mpango uliachwa, na hasara ikapita pauni milioni 35.

Baada ya uhuru, somo hilo halikushika mara moja. Katika miaka ya kwanza ya 1960 Serikali ilianzisha vijiji vya makazi mapya vilivyopewa matrekta na mtaji mkubwa, na mwaka 1966 mpango huo nao ukasimamishwa. Mwalimu Nyerere alionya katika miaka ileile kwamba hatuwezi kuruka kutoka jembe la mkono hadi trekta bila kupitia plau ya ng'ombe. SIDO ilianzishwa mwaka 1973 ili kukuza viwanda vidogo, na mwaka 1981 ikaundwa CAMARTEC, huko Arusha, ishughulikie zana za kilimo na teknolojia ya vijijini. Mwaka 2009 ukaja mwito wa Kilimo Kwanza, na matrekta ya mkono, ambayo watu huyaita pawatila, yakaletwa kwa wingi. Mengine yalilima. Mengine yalifungwa tela yakawa magari ya mizigo, na mengine yalisimama kwa kukosa kipuri kimoja.

Wako wanaosema kwamba mkulima aliyefunga tela katika pawatila aliharibu kusudi lake. Mimi naona kinyume. Mtu yule alianza kukimiliki chombo siku aliyokipa kazi ambayo mwenye kiwanda hakuikusudia. Kukifungua, kukikata na kukiunganisha upya ni njia ya kukisoma. Shervick ilisomwa katika kiwanda cha mbali. Wale walioiendesha Kongwa walipewa usukani, hawakupewa maana. Trekta la Itaka limesomwa hapohapo linapolima. Linapovunjika leo asubuhi, aliyeliunda yuko umbali wa kuitwa kwa sauti, naye ajua kila kiungo kilitoka wapi na kwa nini.

Hii ndiyo tofauti niliyoitafuta. Haimo katika upya au ukuukuu wa chuma, kwa kuwa Shervick na trekta la Itaka yote ni mabaki. Imo katika mahali elimu inapokaa. Elimu ikikaa mbali na shamba, chombo hufa kwa jambo dogo. Ikikaa shambani, hata chombo duni huishi.

Walakini ningekuwa mwongo kama ningeishia hapa kwa sifa. Elimu ya tanuru la Unyiha ilikaa karibu na shamba kuliko elimu yo yote, na bado ilipotea, maana ilikaa katika vichwa vichache bila kuandikwa wala kufundishwa. Trekta la Itaka limo katika hatari ileile. Siku fundi yule akihama au akifa, atakuja mtu mwenye nia njema, ataukuta mkanda umelegea, atadhani ni uzembe kama nilivyodhani mimi, ataukaza, na ekseli itakatika. Watu watasema kwamba vitu vya mabaki havidumu. Hawatajua kwamba kilichokatika kwanza ni mnyororo wa maelezo.

Kwa hiyo nawageukia wanafunzi wa lugha na wa historia. Tumezoea kukusanya tenzi, methali na habari za nasaba, na ni vema. Lakini lugha ya karakana nayo ni Kiswahili: difu, puli, klachi, kuchomelea, kukaza na kulegeza. Katika maneno hayo imo elimu ambayo haijapata kitabu. Atakayefika Itaka na achukue kalamu na karatasi, aulize kila kiungo kilitoka wapi, kimewekwa hapo kwa sababu gani, na kikivunjika hutengenezwaje. Na aandike majibu kwa maneno yaleyale ya fundi, kisha amrudishie fundi nakala, ili mwanawe aliyeketi pembeni akishika spana apate pa kuanzia. Mimi nimeanza kwa mkanda mmoja.